Bobini ya Nne Chini ya Kitanda

Enzi zetu, wakati nchi ikiitwa Zaire na kila mtu akiitwa sitwayene, yaani raia, hata sisi tuliokuwa bado tunakojoa kitandani, Kalemie ilikuwa na sinema ya wakoboi, na mimi njo niliyeiua, ndiye mimi.

Sikuiua kwa bastola, ingawa ingeniletea heshima kidogo. Niliiua kwa mdomo, nikiwa na miaka kumi, ndoo tupu mkononi, katika foleni ya bomba la maji. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani, mtu ambaye safari yake ndefu ni kwenda sokoni na kurudi, nimezeeka na kosa langu palepale nilipolifanya. Bomba lenyewe lilikauka zamani. Mimi bado.

Ninyi wa rika langu mnazijua Jumapili zile. Misa ya asubuhi, na padre anarefusha mahubiri utadhani amelipwa kutuchelewesha. Kisha nyumbani, bukari, ndiyo ugali wetu, na dagaa wa ndakala na sombe ya kisamvu iliyolala. Kisha, kabla hujanawa mikono, miguu inaanza kuwasha. Haiwashi kwa ugonjwa, inawashwa na saa tisa. Saa tisa mlango wa sinema unafunguliwa, na kuanzia saa saba hakuna mtoto wa mtaa wetu wa Kataki aliyeweza kutulia kwenye kiti. Mama alikuwa akisema: "Kaa chini, we Odeta, chakula itakushukia kwenye magoti." Odeta lilikuwa jina la ndani ya nyumba. Shuleni majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo huko nilikuwa Kabwe. Majina mawili na miguu miwili, na vyote vinne havikujua kutulia.

Sinema yenyewe, tuseme ukweli, lilikuwa ghala. Ghala la bati karibu na stesheni ya treni, mali ya Mama Feza, mjane mwenye mikono minene na sauti ya kuita mtumbwi ulio ng'ambo ya mto Lukuga. Jumatatu hadi Jumamosi aliweka humo magunia ya ndakala wakavu waliokuwa wakingoja treni ya kwenda Kabalo. Jumapili aliyasukuma magunia ukutani, akapanga mabenchi, akaziba madirisha ili mchana uwe giza, akatundika shuka nyeupe aliyoachiwa na marehemu mume wake pamoja na mashine na wazimu wa sinema. Bati lilikuwa na matundu ya misumari. Kwa hiyo jangwa la wakoboi lilikuwa na jua moja la kwao na majua kumi na mawili ya Kalemie, na hayo ya kwetu yalitembea polepole juu ya shuka kadiri mchana ulivyokwenda. Na harufu! Hadi leo nikipita mahali wanapoanika ndakala, naona farasi.

Farasi mwenyewe hakuna kati yetu aliyewahi kumgusa. Bibi yangu aliletwa kutazama mara moja, akatoka akisema: "Ile njo mbuzi iliyokataa kuacha kurefuka." Sisi watoto tulicheza wakoboi mtaa mzima. Wavulana walipanda makuti ya michikichi, vumbi likapaa, wakapigana risasi za vinywani, na aliyekufa alikuwa anabishana kwa nusu saa kwamba hajafa. Mimi nilikuwa mnene, na sikupenda kukimbia mbali na nyumba, kwa hiyo walinifanya farasi wa kufungwa mlangoni. Walinifunga kamba kwenye nguzo ya baraza, wakaenda vitani, nikabaki pale natafuna majani ya matembele, nikiwangoja warudi. Siku nyingine walisahau kurudi. Niliona ni cheo.

Watoto wa leo wananiuliza, mliwapendea nini wale watu, hata muziki hawana? Nawaambia: ninyi hamjawahi kungoja. Sisi tulingoja treni siku tatu. Tulingoja mshahara wa baba miezi. Tulingoja chumvi, tulingoja mwalimu, Jumamosi tulingoja salongo, kazi ya lazima ya serikali, iishe, tukifagia barabara ambayo upepo wa ziwa ungeichafua kabla hatujarudisha fagio. Halafu Jumapili unamwona mtu amekaa juu ya mnyama, mahali hapamfurahishi, anageuza kichwa cha mnyama, anakwenda. Hana kibali, hana tiketi, hana wa kumuuliza anatoka wapi. Hata mimi, farasi wa kufungwa mlangoni, nilipomwona akienda nilihisi kitu kinanivuta kisigino.

Lakini mapenzi hayanunui mazuti, mafuta ya mota ya sinema. Filamu zilikodiwa Lubumbashi. Zilikuja kwa treni ndani ya makopo ya bati yaliyo mapana kama ungo, na ndani ya kila kopo bobini moja, yaani gurudumu la mkanda wa filamu. Filamu nzima ilikuwa bobini nne. Njiani zilishushwa na kupandishwa treni nyingine, na mnajua mambo ya njiani: kitu kikishuka hakiahidi kupanda. Siku nyingine tulipata bobini ya pili ya filamu hii na ya tatu ya filamu ile, na koboi aliyekufa na masharubu akafufuka hana masharubu. Bei ya mazuti ilipanda, pesa yetu ikashuka. Bei iliyoandikwa kwa chaki mlangoni saa saba haikuwa bei ya saa tisa. Mama Feza akakubali hata kopo la karanga liwe tiketi. Na vijana walikuwa wameanza kunong'onezana habari za karate, eti huko miji mingine kuna filamu za watu wanaoruka hewani bila farasi. Mabenchi ya nyuma yakaanza kubaki wazi.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka ule Mama Feza alisimama mbele ya shuka, akafunga kitenge chake vizuri, akasema: "Masitwayene, ndakala njo inawalisha hawa wakoboi. Mimi nimechoka. Mvua ikiisha na mabenchi yangali vile, hapa nageuza ghala ya samaki siku zote saba. Wakoboi warudi kwao."

Watu walicheka. Papa hakucheka.

Papa yangu, yaani baba, aliitwa Kisimba. Siku za kazi alikuwa karani wa vifurushi stesheni: alipima, aliandika, alifokewa na wenye vifurushi na wakubwa wake kwa zamu. Mwenyewe hakuwahi kupita Kabalo. Lakini Jumapili papa alikuwa mfasiri wa sinema. Wakoboi walisema Kifaransa cha mbio, hata walimu walishika neno moja na kuachia kumi. Basi papa alisimama pembeni ya shuka, amevaa abakosti yake moja, koti lisilo na tai, na kofia pana aliyoikata mwenyewe kwa katoni, mkononi fimbo ndefu ya tete, akatuambia kwa Kiswahili nani anasema nini. Koboi akisema maneno matatu, papa alisema thelathini. Mtu akinyamaza kwenye shuka, papa alitueleza anafikiri nini, na deni lake, na mama yake aliko. Watu ambao Jumatatu walimfokea kwa ajili ya kilo mbili za mihogo, Jumapili walimnyamazia kama padre. Kumfungia sinema ilikuwa kumwambia abaki Jumatatu maisha yake yote. Hata mimi mtoto nilijua hilo.

Ndipo ilipokuja ile filamu.

Ilikuwa na mjane mwenye shamba na kisima. Tajiri mmoja wa ng'ombe alikitaka kisima. Siku moja akatokea koboi mwenye sikio lililochanika, ana homa, anaanguka kutoka farasini mbele ya mlango wa mjane. Mjane akamwosha, akamlaza, akampikia mwezi mzima. Papa alitusomea hata vyakula, na nina uhakika watu wale hawakula samaki wetu wa mikeke wa kukaanga, lakini tulimwamini. Koboi akapona. Mwisho wa bobini ya tatu alikwenda kisimani saa sita ya mchana kukutana na tajiri. Wakasimama. Mikono ikakaribia mikanda. Ukumbi wote ukaacha kutafuna.

Shuka ikawa nyeupe.

Bobini ya nne haikuwemo. Ilikuwa imebaki njiani, na kabla ya mtu kuifuata, mvua ilikata reli upande wa Niemba. Treni ikafa. Filamu haikuweza kurudi Lubumbashi, na nyingine haikuweza kuja. Lakini siku ile hatukujua yote hayo. Tulijua tu kwamba watu wawili wamesimama kisimani na mtu ametuibia.

"Mwisho! Mwisho!" Mabenchi yakaanza kupigwa chini. Mama Feza nilimsikia akimnong'oneza papa: "Kisimba, sema kitu, watanivunjia."

Papa akasimama. Mashine ilikuwa ingali inawaka, taa nyeupe tupu, naye aliposogea mbele yake, kivuli chake kikaingia kwenye shuka, kikubwa, na kofia ya katoni na fimbo. Tukamwona koboi. Ninawaambia, tukamwona. Papa akasema, kwa sauti ya chini iliyotufanya wote tuinamie mbele: "Akamwambia tajiri: mzee, mimi nimekunywa maji ya kisima hiki. Anayenigombanisha na maji niliyokunywa, ananigombanisha na tumbo langu."

Na akaendelea. Risasi ya tajiri ilipiga kopo la kutekea maji. Ya koboi ilipiga kofia ya tajiri, upepo ukaipeleka kisimani, tajiri akainama kuifuata, akaingia mzima mzima. Wakamwacha humo aape mara tatu kwamba hatakitaka tena kisima, ndipo wakamtoa kwa kamba. Mjane akapika. Koboi akanawa mikono, akasema hawezi kula kama mgeni tena, afadhali amtume mtu kwa mjomba wake, ukoo uje kuulizia uchumba. Ukumbi ulipasuka kwa vigelegele. Watu walitoka wakitembea kwa miguu iliyopanuka, kama wameshuka farasini.

Jumapili iliyofuata walirudi. Si kwa ajili ya bobini tatu, hizo walikuwa wamezijua. Walirudi na maswali. "Papa Kisimba, huyo mjomba alikuja?" "Mahari ng'ombe ngapi?" "Ndugu za marehemu mume walikubali?" Papa akawajibu, taa nyeupe ikiwaka nyuma yake. Jumapili moja mjomba alikuja na masharti magumu. Nyingine tajiri alirudi amebatizwa. Nyingine tena tulifanya matanga ya marehemu mume wa yule mjane, yaliyokuwa hayajafanywa, na wamama wa benchi la tatu walilia kweli, wakaimba, na mmoja akachanga. Mvua ilikuwa ikipiga bati, maji yalitudondokea, hakuna aliyehama. Benchi la nyuma likajaa. Kisha wakasimama nyuma ya benchi la nyuma. Mama Feza aliacha kusema habari ya samaki, akaanza kusema habari ya kuziba bati.

Papa alibadilika. Alitembea nyumbani huku na huku akisema na ukuta. Chakula kikipoa, mama akimwita, alisema: "Ngoja kwanza, shemeji zake wamefika."

Sasa nakuja kwenye mdomo wangu.

Ilikuwa Jumamosi. Watu wazima walikuwa kwenye salongo, nami nimeachiwa kufagia nyumba. Chini ya kitanda cha wazazi fagio liligonga bati. Nikalala kifudifudi, nikavuta. Lilikuwa kopo pana kama ungo, na karatasi ya stesheni iliyobandikwa, na juu yake imeandikwa kwa rangi: 4.

Nilijua mara moja. Sikufungua. Nilikaa sakafuni nikilitazama, kisha nikalirudisha, kisha nikalivuta tena nihakikishe bado ni nne. Siri ilianza kunitembea mwilini kama siafu. Nilifagia chumba kile mara tatu. Nilitoka barazani, nikarudi. Ningekuwa mtoto wa kuzurura, ningekwenda kuizika ziwani. Lakini mimi, mtu wa nyumbani, ninajua njia mbili tu: ya sokoni na ya bombani. Nikachukua ndoo.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa Zaina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtoto wa umri wangu, mwembamba, mwenye majibu. Alikuwa anatamba mbele ya watoto wote kwamba kaka yake amekutana na mtu wa Lubumbashi aliyeiona filamu nzima, naye atamwambia yeye Zaina mwisho kabla ya watu wote.

"We Kabwe, baba yako atajua kwangu," akasema. "Atakuja kuniuliza."

Nilijibu bila kupumua: "Mwisho yenyewe iko kwetu! Chini ya kitanda ya papa. Nimeishika."

Nakumbuka bomba liliendelea kutoa maji na ndoo ya mtu ikafurika. Zaina aliacha ndoo yake, akakimbia. Mtoto mwembamba vile, na mguu wa mbio vile. Nilipofika nyumbani na maji yangu nusu, habari ilikuwa imenitangulia.

Walikuja alasiri, wanaume na wanawake, wakajaa uani. Hawakuja kwa ugomvi, na hilo njo lilikuwa baya. Fundi mmoja wa mota alivua kofia: "Papa Kisimba, tunakuheshimu. Lakini mwisho ikikuwa iko, utupatie. Sisi si watoto."

Papa alinitazama mimi. Hakuuliza ni nani aliyesema. Alisema: "Kesho saa tisa mutaiona."

Walipoondoka, nilingoja fimbo. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kuilia. Papa akakaa kwenye kigoda, akasema: "Siri njo kama bukari ya moto. Usipoweza kuimeza, usiiweke kinywani." Halafu akanieleza, kama mtu anayemweleza mtu mzima, jambo lililonitia aibu kuliko fimbo. Mafundi wa reli walikuwa wameileta bobini kwa toroli yao majuma mawili nyuma. Yeye na Mama Feza waliitazama wawili tu, ukumbi mtupu. Ilipokwisha, Mama Feza akasema: "Kisimba, huyu mutu hana adabu. Tukimuonyesha, tumefunga." Papa akalibeba kopo chini ya koti lake hadi nyumbani.

"Lakini papa, njo mwisho ya kweli," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Njo shida yake."

Tangu Jumapili ile sijaona tena watu namna ile. Walikaa hadi juu ya magunia ya ndakala. Mama Feza alikaa mlangoni ameipa shuka mgongo. Papa alisimama mahali pake, na kofia yake, lakini fimbo aliiegemeza ukutani.

Bobini ya nne. Risasi moja, tajiri akaanguka, basi. Hata hakuna aliyepiga kelele, ilikuwa haraka mno. Koboi akarudi shambani. Mjane alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono kwenye aproni. Koboi akafunga tandiko. Akagusa ukingo wa kofia kwa kidole. Akapanda. Akaenda. Akaenda, akaenda, akawa mdogo, akawa inzi, jua moja la Kalemie likampita juu, akaisha. Maandishi. Nyeupe.

Kisha sauti ya mama mmoja mzee kutoka benchi la tatu, mmoja wa wale waliolia kwenye matanga: "Anaenda wapi?"

"Hata hakuaga!"

"Amekula kwake mwezi muzima!"

"Na ule mwanamuke, hata hakumusindikiza! Hata hadi kwenye njia!"

"Watu gani hawa?"

Mnajua kwetu. Mgeni anaweza kukumalizia unga, ukamsamehe. Lakini aondoke bila kuaga, na wewe usimsindikize angalau hadi kona, hapo mmevunja kitu ambacho hakina gundi. Watu hawakuwa na hasira tu. Walikuwa wameaibika, kama ndugu yao wenyewe amefanya vile ugenini. Ndipo mtu akapaza sauti: "Kisimba! Mwambie arudi!" Na wote wakageuka, ukumbi mzima, wakamtazama papa. "Mwambie arudi! Sema, Papa Kisimba!"

Papa alinyoosha mkono akachukua fimbo. Taa nyeupe ilikuwa inawaka bado. Alikwenda hatua moja, kivuli chake kikagusa ukingo wa shuka, na mimi moyoni nilikuwa napiga kelele sema, papa, sema. Akasimama. Akairudisha fimbo ukutani.

"Mumeona kwa macho," akasema. "Mimi siwezi kubishana na macho."

Akavua kofia ya katoni.

Sinema haikufa siku ile. Ilikufa kama kuku aliyekatwa, ilikimbia kidogo. Reli ilitengenezwa, filamu zikaja, nzima, bobini nne kwa nne. Papa alisimama tena akafasiri. Lakini kila alipofika mahali patamu, mtu nyuma alipaza sauti: "Iyo njo ya kweli, ao njo ya kwako?" Watu wakacheka. Papa akaanza kufupisha. Koboi akisema maneno matatu, papa alisema matatu. Na wakoboi wa maneno matatu, wapendwa, hawana ladha. Ni watu wachafu wanaotembea juani. Mvua ilipoisha, mabenchi ya mbele nayo yalikuwa wazi. Mama Feza hakuhutubia. Aliishusha shuka, akaikata vipande vya kufunikia ndakala. Mashine alimuuzia mtu aliyetaka mota yake tu. Baadaye video zikafika, televisheni ndogo ndani ya chumba cha mtu, karate kutwa, na mji ukasahau kwamba uliwahi kuwa na majua kumi na matatu.

Papa hakunifokea hata siku moja. Jumapili saa tisa alivaa abakosti, akaketi barazani, mguu mmoja ukitikisika wenyewe. Mara moja tu, nilikuwa nimeshaingia sekondari, aliniuliza bila kunitazama: "We Odeta, ungekuwa wewe, ungemumaliza namna gani yule mutu?" Maisha yangu yote mdomo wangu umekuwa na jibu kabla ya swali. Siku ile haukuwa nalo. Aliondoka duniani nikiwa bado nalitafuta, na sisi tukamsindikiza vizuri, mji mzima, hadi mwisho wa njia.

Siku hizi ni nani anayeshindwa kupata mwisho? Zaina bado ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Yeye aliolewa Kabalo, akarudi, mimi sikwenda hata hiyo Kabalo. Ana sahani ya umeme wa jua juu ya bati, ana televisheni, ana wajukuu sita. Wajukuu hao wanatazama filamu mapajani, kila mmoja na simu yake, na wakitaka kujua nani atakufa wanasukuma kidole, wanaona, wanarudi mwanzo wakiwa wametulia kama wazee wa kanisa. Miguu yao haiwashi. Kumi kwa siku wanazimeza, na ukiwauliza jioni walitazama nini, wanakuambia, "Watu wanapigana." Sisi tulikuwa na filamu moja isiyo na mwisho, na mpaka leo naweza kuwaambia mahari ilikuwa ng'ombe wangapi. Kumi na wanne, na farasi mmoja wa mjomba.

Jumapili iliyopita niliingia kwa Zaina saa tisa, kwa kuwa saa tisa ya Jumapili siwezi kukaa kwangu. Televisheni ilikuwa ikitangaza filamu inayofuata: mtu mmoja juu ya farasi, jangwani. Wajukuu walitaka kubadilisha, Zaina akawakatalia. Nikakaa. Na sijui ni farasi au ni uzee, lakini nilianza kusema. Nilimwambia yote, bobini, kitanda, siafu, bomba. Nikamwambia kwamba mimi njo niliyeiua sinema ya Kalemie, na wakoboi wote, na kwamba miaka yote hii nimetaka kumwomba mtu msamaha na sijui nimwombe nani. Zaina alikuwa anachambua karanga, hakuinua macho hadi nilipomaliza. Kisha akasema:

"Farasi yako hakuna mutu aliyeililia, Odeta. Tulililia sauti ya baba yako. Sasa nyamaza, inaanza."